Hifadhi ya Chuo Kikuu na Hifadhi ya Wazee: Mafunzo ya Mto Ewaso Ng'iro kutoka Mpala hadi Sericho

Utangulizi

Mto Ewaso Ng'iro huanza safari yake katika miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ukazivuka nyanda za Laikipia, ukaikata nyika ya Samburu na Isiolo, na hatimaye ukapotelea katika kinamasi cha Lorian, pale Isiolo inapopakana na Wajir. Jina lake latokana na lugha ya Kimaa, nalo humaanisha mto wa maji ya rangi ya udongo. Katika sehemu ya juu ya mto huu kipo Kituo cha Utafiti cha Mpala, eneo la mbuga ambalo kwa zaidi ya miaka 30 limekuwa darasa la wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na vya ng'ambo. Katika sehemu yake ya chini, karibu na kinamasi chenyewe, ipo Sericho, mji mdogo wa wafugaji wa Kiborana katika eneo la Garba Tula, Kaunti ya Isiolo.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Maji yanayopita Mpala, yakisalimika na mashamba, mabomba na jua, hufika Sericho bila kuelekezwa na mtu. Elimu haina tabia hiyo. Elimu inayochumwa juu ya mto yaweza kupanda ndege ikaenda kukaa katika maktaba za mbali, na aliye chini ya mto asipate hata tone. Makala haya yanakusudia kueleza hifadhi ya chuo kikuu ni kitu gani, wanafunzi na wanajamii hufanya nini ndani yake na pembeni mwake, na kwa nini kipimo cha haki cha kazi hiyo ni mtu wa Sericho. Aidha, yatajaribu kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi iliyosalia ni kazi ya lugha, na kwa hiyo yatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Neno 'hifadhi' na maana zake mbili

Hatuna budi kuanza na neno lenyewe. 'Hifadhi' latokana na Kiarabu, na katika Kiswahili limebeba maana mbili ambazo watumiaji wengi wa leo wamezitenganisha. Maana ya kwanza ni kulinda kitu kisiharibike. Kwa maana hiyo twazungumzia hifadhi ya wanyama, hifadhi ya msitu au hifadhi ya maji. Maana ya pili ni kukiweka kitu moyoni, kukijua pasipo kutazama maandishi. Mtoto wa chuoni huhifadhi sura za Kurani, na mghani huhifadhi utenzi. Huko Sericho, ambako wenyeji wengi ni Waislamu, maana hii ya pili inaeleweka na kila mzazi.

Tofauti ya maana hizi ina uzito. Hifadhi ya maana ya kwanza yaweza kufanywa kwa waya, lango na askari. Hifadhi ya maana ya pili haiwezekani pasipo mtu anayekumbuka. Mbuga iliyozungushiwa waya hubaki palepale hata wenyeji wote wakihamishwa. Lakini ujuzi wa wapi maji hubaki mwaka wa tatu wa ukame hufa siku anapokufa mzee wa mwisho anayeujua. Katika sehemu zinazofuata tutaona kwamba hifadhi ya chuo kikuu imejengwa zaidi juu ya maana ya kwanza, na hifadhi ya wazee wa Sericho juu ya maana ya pili, na kwamba kila moja ina upungufu ambao mwenzake aweza kuujaza.

Hifadhi ya chuo kikuu ni nini?

Hifadhi ya chuo kikuu ni ardhi iliyotengwa ili viumbe na mazingira yake viachwe katika hali ya asili kadiri inavyowezekana, na wakati huohuo itumike kwa mafunzo na utafiti. Si mbuga ya watalii, kwa kuwa mgeni wake mkuu ni mwanafunzi. Si shamba la majaribio ya kilimo pia, kwa kuwa lengo lake si mavuno. Thamani yake kubwa ni muda. Mtafiti akipima majani ya mahali pamoja kwa miaka 20, ataona mambo ambayo hayaonekani kwa aliyepita siku mbili.

Afrika Mashariki ina mifano kadhaa. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kina kituo cha elimu ya viumbe huko Kanyawara, katika msitu wa Kibale, ambako nyani na sokwe wamefuatiliwa kizazi kwa kizazi. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kinautunza msitu wa Mazumbai katika milima ya Usambara. Nchini Kenya, mfano unaojulikana zaidi ni Mpala. Ranchi hiyo yenye takriban ekari 48,000 ilikuwa mali ya familia moja ya Kimarekani, na kituo cha utafiti kilianzishwa mwaka 1994 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Princeton, Taasisi ya Smithsonian, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mto Ewaso Ng'iro hupita ubavuni mwake.

Swali ambalo kila hifadhi ya aina hii huulizwa na majirani ni lilelile: ardhi hii mmeizuia, nasi twapata nini? Jibu la kwamba sayansi inanufaika halitoshi. Ndiyo sababu vituo vingi vimelazimika kufungua milango. Kule Kibale, mradi wa Kasiisi umekuwa ukizisaidia shule za msingi zilizo kando ya msitu tangu mwaka 1997. Hapa Kenya, shughuli za Mpala zinafaa kuelezwa kwa urefu kidogo.

Shughuli za wanafunzi na jamii huko Mpala

Ya kwanza ni vilabu vya mazingira katika shule za msingi za jirani. Vilabu hivyo vilibuniwa na wahadhiri wa Princeton wakishirikiana na walimu wa Kenya. Watoto hawakukaririshwa majina ya wanyama tu. Walipewa swali, wakaenda nje kupima udongo, kuhesabu mimea na kulinganisha sehemu iliyoliwa na mifugo na ile isiyoliwa. Baadaye walikusanyika kituoni na kuyaeleza matokeo yao mbele ya wazazi na watafiti kwa michoro, nyimbo na maigizo. Faida yake ni kwamba mtoto wa mfugaji alijifunza kuwa yale anayoyaona kila siku nyuma ya mbuzi wake ni data ya kisayansi, ikiwa atayapima na kuyaandika.

Ya pili ni chanjo ya mbwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, takriban kila mgonjwa hufa. Wataalamu wanakubaliana kwamba ikiwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mwaka 2015 watafiti wa Mpala walianzisha kampeni ya chanjo katika Laikipia, na wanafunzi wa vyuo vikuu vya nchini wakajitolea kushika sindano, kuandika kadi na kutembea boma hadi boma. Mbwa-mwitu wa porini walinufaika, kwa sababu nao huambukizwa na mbwa wa nyumbani, lakini aliyenufaika kwanza ni mtoto anayelala karibu na mbwa wa baba yake.

Ya tatu ni hesabu ya pundamilia wa Grevy, wale wenye milia myembamba na masikio mapana. Mnyama huyu alikadiriwa kufika 15,000 mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha idadi yake ikaporomoka. Mnamo Januari 2016, raia zaidi ya 500, wakiwemo wanafunzi, walinzi wa wanyama na wafugaji, walitawanyika katika kaunti za kaskazini, Isiolo ikiwa mojawapo, wakawapiga picha ubavu wa kulia. Milia ya kila pundamilia ni ya kwake peke yake kama alama za vidole vya mtu. Tarakilishi ikazisoma picha na kumtambua kila mnyama, na makadirio yakatolewa ya wanyama 2,350. Zoezi liliporudiwa mwaka 2018, makadirio yalikuwa 2,812. Hapa mwananchi alikuwa mshiriki wa sayansi, si mtazamaji wake.

Ya nne haionekani kuwa ya kijamii kwa mtazamo wa kwanza, lakini huenda ndiyo yenye manufaa makubwa kuliko zote kwa mfugaji. Tangu mwaka 1995 yapo Mpala maeneo 18 ya majaribio, kila moja likiwa na hekta 4, yaliyozungushiwa nyua za namna mbalimbali. Mengine hayaingiwi na mnyama mkubwa yeyote. Mengine huingiwa na ng'ombe pekee. Mengine yana nyaya zilizoning'inizwa juu kiasi kwamba tembo na twiga huzuiwa ilhali pundamilia hupita chini yake. Kwa njia hii mtafiti huweza kutenganisha athari ya kila kundi la wanyama.

Mwaka 2011, watafiti wakiongozwa na Mkenya Wilfred Odadi, ambaye amekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Egerton, walichapisha matokeo yao katika jarida la Science. Waligundua kwamba wakati wa kiangazi wanyamapori huwanyang'anya ng'ombe chakula, na ng'ombe huongeza uzito kidogo kuliko wale wanaolisha peke yao. Wakati wa mvua hali hugeuka: pundamilia na wenzake hula mabua yaliyokomaa na kukauka, majani mateke yakabaki wazi, na ng'ombe wanaolisha pamoja nao hunenepa zaidi. Kwa maneno mengine, pundamilia ni adui wa ng'ombe kwa miezi fulani na ni msaidizi wake kwa miezi mingine.

Watafiti wa Mpala pia wameeleza habari ya maboma yaliyohamwa. Samadi iliyorundikana kwa miezi michache ndani ya boma la miiba hurutubisha udongo kwa miongo mingi, na mahali hapo huota nyasi bora ambazo wanyamapori huzipenda. Basi mfugaji anayehamahama huipa nyika rutuba kila anapohama.

Dedha: hifadhi ya wazee wa Sericho

Sasa tuuteremkie mto. Waborana wa Waso, yaani wa bonde la Ewaso Ng'iro, hawakuwa na chuo kikuu, lakini wana taasisi iitwayo dedha. Dedha ni eneo la malisho pamoja na utaratibu wa kulitawala, chini ya baraza la wazee waitwao jarsa dedha. Kanuni yake ya msingi ni rahisi kueleza na ngumu kuitekeleza. Ardhi hugawanywa katika sehemu tatu. Ipo ya majira ya mvua, ambayo iko mbali na mto na visima vya kudumu. Ipo ya kiangazi, iliyo karibu na maji ya kudumu. Na ipo sehemu ya akiba, ambayo haiguswi ila ukame ukizidi kiasi.

Mvua ikinyesha, mifugo hutakiwa kuondoka karibu na mto na kwenda kunywa maji ya madimbwi ya mbali, ili majani ya mtoni yapate kupumzika. Atakayebaki kwa uvivu au kwa tamaa anakula akiba ya wenzake, na wazee wana haki ya kumtoza faini. Mgeni anayetafuta malisho hafukuzwi. Anatakiwa aombe, aeleze ana mifugo mingapi na atakaa muda gani. Familia nazo hugawa kundi lao: mifugo yenye maziwa hubaki karibu na kijiji, yaani olla, na mingine huenda mbali na vijana, katika mtindo unaoitwa fora.

Msomaji akilinganisha kanuni hizi na nyua 18 za Mpala ataona kwamba hoja ni moja. Majani yanahitaji kupumzika. Majira hubadilisha uhusiano wa mnyama na mnyama. Kuhama ni sehemu ya matunzo. Tofauti ni kwamba jambo hilo huku limeandikwa katika majarida, na kule limehifadhiwa vifuani mwa watu.

Hifadhi ya kifuani ilipata majeraha makubwa. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwafungia Waborana ndani ya mipaka mipya ya Isiolo, wakatengwa na visima na ndugu wa kaskazini. Baada ya uhuru, vita vya Shifta vya miaka ya 1963 hadi 1967 viliwakusanya watu kambini na kuwamalizia mifugo. Familia nyingi za Waso ziliupoteza utajiri wao wote. Kisha ukaja utawala wa tarafa na lokesheni, ambao haukuwatambua wazee wa dedha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, wenyeji wa Garba Tula walianza jitihada za kuziandika sheria hizo za kimila ili zitambuliwe na serikali, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ikawapa wafugaji wa Kenya njia ya kuisajili ardhi yao kwa jina la jamii. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilifuatana ikikosa kutosheleza, uliwapata wakiwa katika hali hiyo ya kujenga upya. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini Kenya.

Juu ya hayo, yapo mambo ya mtoni. Mashamba ya umwagiliaji katika miteremko ya Mlima Kenya yameongezeka tangu miaka ya 1960, na maji yanayofika chini wakati wa kiangazi yamepungua. Pendekezo la kujenga bwawa kubwa mahali paitwapo Crocodile Jaw, kwa ajili ya kulisha maji mji wa Isiolo na utalii, limepingwa na wafugaji wa chini kwa miaka mingi. Vyama vya watumiaji maji, vilivyotambuliwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2002, vimesaidia kupanga zamu za maji katika vijito vya juu, lakini mwenye ng'ombe huko Lorian mara nyingi haketi katika mkutano ambao unaamua maji yake.

Jiwe lililokwenda ng'ambo

Jina la Sericho lajulikana duniani kuliko wengi wetu tunavyodhani, na sababu yake yafaa kuzingatiwa. Mwaka 2016, ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia wao kati ya Habaswein na Sericho waliona mawe mazito yasiyo ya kawaida. Ilithibitika kuwa ni kimondo cha aina adimu, chuma kilichochanganyika na fuwele za rangi ya asali na kijani. Jumla ya uzito uliorekodiwa ilikaribia kilo 2,800. Mwaka uliofuata wanasayansi walikisajili rasmi kwa jina la Sericho.

Tangu hapo vipande vya Sericho vimekatwa, vikang'arishwa na kuuzwa Ulaya na Marekani. Anayekinunua kipande anajua kilivyotokea angani mabilioni ya miaka iliyopita, lakini hajui kama Sericho ni mji, wala kwamba mawe hayo yalikuwa yakionwa na wachungaji kabla mtaalamu yeyote hajayasikia. Kilichobaki Sericho ni kidogo.

Jiwe hilo ni mfano wa haraka wa jambo ambalo kwa elimu hutokea polepole. Mtafiti huja, huuliza, hupima, hushukuru na kuondoka. Tasnifu hutetewa kwa Kiingereza, hurafishwa katika maktaba, na mzee aliyeeleza hulka ya nyasi za nyumbani kwake hajui kilichoandikwa. Hapana aliyeiba, hata hivyo, kitu kimehama na hakikurudi.

Kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili

Huenda mtu akauliza: haya yote yamhusu nini anayesoma isimu na fasihi? Jibu ni kwamba kati ya Kiingereza cha jarida na Kiborana cha kisimani, lugha iliyopo katikati ni Kiswahili. Ndicho kinachotumika shuleni, sokoni, barazani kwa chifu, na baina ya Mborana, Msomali, Mturkana na Mmeru wanapokutana Isiolo. Kikitumiwa ovyo, huharibu kabla ya kujenga. Tutazame mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni lile eneo la malisho lisiloguswa ila wakati wa ukame mkali. Mfasiri anayefuata maneno ya Kiingereza atasema 'hifadhi ya ukame'. Kwa msikilizaji wa Isiolo neno 'hifadhi' limekwisha kuchukua maana ya eneo lenye walinzi, na mjadala wake ni mkali. Mnamo Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jirani, Biliqo-Bulesa na Cherab, hazikuanzishwa kwa kufuata katiba. Mwanafunzi akifika Sericho na kutangaza kwamba anachunguza 'hifadhi ya ukame', asishangae watu wakinyamaza. Akisema 'malisho ya akiba', ataeleweka, kwa sababu ndivyo wenyewe wanavyoyaona: ni akiba, kama nafaka ya ghalani.

Mfano wa pili ni majira. Taarifa nyingi za hali ya hewa husema tu 'msimu wa mvua' na 'msimu wa kiangazi', kana kwamba mwaka una vipande viwili. Waborana wanavyo vinne: ganna, mvua kubwa za Machi hadi Mei, adolessa, ukavu wenye baridi, hagaya, mvua fupi za mwishoni mwa mwaka, na bona hagaya, ukavu wenye joto. Mwanafunzi wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba lugha yake imekuwa na vipande hivyo hivyo tangu jadi: masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Hapana haja ya kubuni istilahi. Iwapo matokeo ya Odadi na wenzake yatatafsiriwa kwa majira haya manne, mfugaji ataweza kuyajadili, kuyakubali au kuyapinga kutokana na aliyoyaona mwenyewe.

Mfano wa tatu ni neno 'jangwa'. Magazeti yetu huita kaskazini yote jangwa. Jangwa ni mahali pasipo kitu, na pasipo kitu hapaharibiki. Anayeamini kwamba Sericho ni jangwa hataona hasara mto ukizuiwa au malisho yakikatwa na barabara. Sericho ni nyika, na nyika ni malisho.

Upo ushahidi kwamba kazi ya namna hii inawezekana. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wafugaji wa Isiolo walialikwa kuchora ramani za ardhi yao. Walianza kwa kuchora mchangani, wakahamishia kwenye karatasi, kisha picha za setilaiti zikaangazwa ukutani, nao wakaonyesha kisima kiko wapi, njia ya ngamia yapita wapi, na malisho ya akiba yaanzia wapi. Kazi kama hiyo ilifanywa pia Tanzania, katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro. Waliokuwa hawajui kusoma waliisoma picha ya setilaiti vizuri kuliko wapangaji wa maofisini, kwa sababu ardhi iliyokuwa katika picha walikuwa wamekwisha kuihifadhi.

Kwa msingi huo, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyaweza kufanya mambo matatu pasipo kungoja fedha nyingi. Kwanza, kushirikiana na wanafunzi wa sayansi kufasiri muhtasari wa tafiti zinazowahusu wafugaji, ukurasa mmoja kwa kila utafiti, na kuusoma barazani ili ukosolewe. Pili, kuandaa maigizo na mashairi pamoja na vilabu vya shule za Sericho na Garba Tula, kama walivyofanya watoto wa jirani ya Mpala, na kuwaunganisha watoto wa juu ya mto na wa chini yake kwa barua na ziara. Tatu, kurekodi majina ya mahali, ya majani na ya majira kutoka kwa wazee, kwa ridhaa yao.

Jambo hili la ridhaa lahitaji tahadhari. Jina la mahali penye maji ya siri mwaka wa ukame si data ya kawaida; likitangazwa ovyo, akiba ya watu itamalizwa na wasiojua kanuni zake. Wazee ndio wanaopaswa kuamua kipi kiandikwe, kipi kibaki kifuani. Mwanafunzi anayerekodi arudishe nakala Sericho kabla hajaipeleka chuoni, na jina la mzee liandikwe kama la mwalimu, ikiwa mwenyewe ataridhia.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba hifadhi ya chuo kikuu ni ardhi iliyotengwa kwa ajili ya muda mrefu na maswali mengi, na kwamba Mpala imeonyesha jinsi wanafunzi na majirani wanavyoweza kufanya kazi pamoja katika shule, katika chanjo na katika hesabu ya wanyama. Tumeeleza pia kwamba Sericho ina hifadhi yake, iliyo kongwe kuliko kituo chochote cha utafiti, na ambayo imedhoofishwa kwa vita, mipaka na ukame lakini haijafa. Hifadhi ya waya hupima vizuri lakini husahau watu. Hifadhi ya kifuani huwakumbuka watu lakini yaweza kuzikwa pamoja nao.

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Mtafiti na mwanafunzi ni wageni wa nyika. Kupona kwa mwenyeji kutaonekana siku ambapo mzee wa dedha ataweza kuuliza, kwa Kiswahili, matokeo ya kipimo kilichofanywa juu ya mto wake, akajibiwa kwa Kiswahili hichohicho, na jibu lake yeye likaandikwa katika kurasa zilezile. Hilo halitaletwa na mkondo wa maji. Litaletwa na watu wanaozijua lugha mbili au tatu na walio tayari kutembea kutoka Laikipia hadi Lorian. Vyuo vyetu vinawafunza watu wa namna hiyo kila mwaka, nao wanasoma jarida hili.